Jinsi ya Kubuni Adapta ya Faiba Inayoachia Konekta kwa Urahisi: Mwongozo Kamili

Maswali yanayonifikia kuhusu kazi hii yanafanana sana. Mtu amechoka kuhangaika na konekta za LC (plagi ndogo za kebo za faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga) kwenye paneli iliyojaa: vidole haviingii, ulimi wa kufungia haushuki, na kila akivuta konekta moja anatikisa za jirani. Anaamua kujitengenezea adapta, yaani soketi inayokutanisha konekta mbili. Konekta sasa inachomoka vizuri, lakini mwanga umepotea, au konekta inatoka hata isipoguswa.

Karibu kila mara sababu ni moja: amelegeza kisichotakiwa kulegezwa.

Ndani ya adapta konekta hushikwa na vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni kibomba cha kauri chenye ufa mmoja, kinachozibana feruli mbili (vijiti vya ncha ya konekta vinavyobeba faiba) ili zitazamane sawasawa. Cha pili ni ulimi wa plastiki unaonasa kwenye mapengo ya adapta. Kibomba hakina upinzani mkubwa: feruli ya LC, yenye kipenyo cha milimita 1.25, hutoka kwa kani ya takriban Nyutoni 1 hadi 2.5, yaani uzito wa gramu 100 hadi 250. Kinachokusumbua ni ulimi, pamoja na ufinyu wa nafasi ya kuufikia.

Kwa hiyo kibomba hatukigusi. Tutachukua adapta ya kawaida ya LC ya jozi (ya konekta mbili zilizoungana ubavu kwa ubavu), tuifungie kola juu yake, na ndani ya kola tuweke kitelezi chenye mkia wa kuvuta. Ukivuta mkia, kitelezi kinashusha ndimi zote mbili kwanza, kisha kinaisukuma konekta nje.

## Vitu vya kuandaa

Vya kutengenezea
- Adapta ya LC ya jozi yenye masikio na matundu ya skrubu. Isiyo na masikio haifai kwa mchoro huu, kwa sababu kola haitakuwa na pa kujishikia.
- Kebo fupi tatu za LC za jozi: moja chakavu ya majaribio, mbili nzima za kupimia.
- Printa ya 3D, ya uzi au ya resini, na programu ya kuchorea.
- Uzi wa plastiki ya PETG au nailoni. Plastiki ya PLA achana nayo. Hulegea taratibu ikikaa kwenye joto la kabati la vifaa.
- Springi ndogo ya kusukuma, kipenyo cha nje kisichozidi milimita 3.
- Skrubu ndogo, msasa laini, kisu chenye ncha.

Vya kupimia na kusafishia
- Venia inayosoma milimita 0.05 au bora zaidi.
- Mizani ndogo ya kuning'iniza.
- Chanzo cha mwanga na mita ya nguvu ya mwanga.
- Hadubini ya kukagulia feruli.
- Kalamu ya kusafishia konekta, pombe ya isopropili, vitambaa visivyoacha nyuzi.

Kama huna mita ya mwanga, azima kabla hujaanza. Bila mita utajua tu kwamba konekta inatoka kwa urahisi. Hutajua imebaki ikifanya kazi yake.

## Kwa nini tundu la adapta halichapishwi

Nakaa kidogo hapa kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Kiini (sehemu ya kati inayopitisha mwanga) cha faiba ya modi moja, aina yenye kiini chembamba, kina upana wa takriban mikromita 9. Viini viwili vinavyotazamana vikipishana kwa mikromita 1 tu, unapoteza kama desibeli 0.2 (kipimo cha mwanga unaopotea) kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1310. Vikipishana kwa mikromita 2, hasara inafika karibu desibeli 0.8, na hapo umeshavuka kikomo cha desibeli 0.75 ambacho viwango vingi vya ufungaji huruhusu kwa muunganiko mmoja.

Printa nzuri ya nyumbani hukosea kwa makumi ya mikromita, mara nyingi 100 na zaidi. Hakuna msasa wala kuchonga kutakakoziba tofauti hiyo. Kibomba cha kauri kimesagwa kwa usahihi mkubwa, na ufa wake ndio unaokiwezesha kuibana feruli kila upande. Ukikipanua ili konekta itoke kwa urahisi, umeondoa kitu pekee kinachovipanga viini.

Kulainisha kibomba kwa mafuta nako ni kosa. Mafuta hupanda kwenye uso wa feruli, hubeba vumbi, na vumbi hilo hukwaruza kioo konekta inaposukumwa ndani.

## Hatua ya 1: Zima mwanga, kisha pima

Hakikisha ncha zote mbili za kebo ya majaribio hazina mwanga. Mwanga wa nanomita 1310 au 1550 hauonekani kwa jicho, hivyo giza kwenye feruli si ushahidi wa usalama. Usichungulie konekta iliyo hai, na usiiweke chini ya hadubini ya kuangalia moja kwa moja kwa jicho, maana lenzi huukusanya mwanga.

Chomeka konekta kwenye adapta mpaka isikike ikilia "tik". Sasa pima:

1. Upana na kimo cha adapta mbele ya masikio.
2. Umbali kati ya vitovu vya matundu ya skrubu.
3. Umbali kati ya miili miwili ya konekta. Vitovu vya LC ya jozi hupishana kwa milimita 6.25, na mwili mmoja una upana wa karibu milimita 4.5, kwa hiyo tegemea pengo la milimita 1.7 hivi.
4. Umbali kutoka uso wa adapta hadi uso wa mbele wa kibanio kinachounganisha konekta mbili.
5. Kimo cha ncha ya kibonyezo (sehemu ya ulimi unayoibonyeza kwa kidole), konekta ikiwa imejifunga.
6. Kimo hichohicho ukiwa umebonyeza mpaka ulimi umeachia.

Tofauti ya kipimo cha 5 na cha 6 ndiyo mshuko unaohitajika. Iongezee milimita 0.2. Mara nyingi utapata kitu cha karibu milimita 1, lakini vibonyezo vya watengenezaji havifanani, kwa hiyo tumia namba yako mwenyewe.

Onyo: ikiwa kipimo cha 4 ni kidogo sana kiasi kwamba kibanio kinakaribia kugusa adapta, kidole cha kusukumia kilichoelezwa kwenye Hatua ya 4 hakitapata nafasi. Kitelezi bado kitashusha ndimi, ila konekta utaitoa kwa kushika buti yake, yaani ganda laini la nyuma linalolinda kebo.

Pima pia nafasi kati ya safu moja ya adapta na ya juu yake kwenye paneli. Kola na kitelezi vinahitaji kama milimita 5 juu ya kibonyezo.

Umefanikiwa ukiwa na: namba sita, kila moja imepimwa mara tatu na haipishani kwa zaidi ya milimita 0.1.

## Hatua ya 2: Jua kani unayopambana nayo

Funga uzi kwenye mizani, uzungushe juu ya vibonyezo viwili vya konekta, vuta kuelekea chini mpaka ndimi ziachie. Gramu 100 ni karibu Nyutoni 1.

Fanya hivyo katika hali mbili: kwanza upande wa pili wa adapta ukiwa mtupu, kisha ukiwa na konekta nyingine. Majibu yatatofautiana, na sababu yake ni muhimu kwa mchoro mzima. Feruli zinapokutana, springi zilizo ndani ya konekta husukumana, na msukumo huo huyakandamiza mabega ya ulimi kwenye mapengo ya adapta. Msuguano unapanda, na ulimi unakuwa mzito kushuka.

Hii ndiyo sababu ukivuta konekta huku unabonyeza, ulimi unakaza zaidi. Mafundi wazoefu huisukuma konekta ndani kidogo, wanabonyeza, ndipo wanavuta. Kifaa chetu nacho lazima kifuate mpangilio huo: ulimi ushuke kwanza, mvuto uje baadaye.

Tumia kani kubwa kati ya hizo mbili. Kwa mfano wa hapa nitachukua Nyutoni 8 kwa ndimi mbili.

## Hatua ya 3: Chora kola

Kola ni fremu inayozunguka mbele ya adapta na kufungwa kwa skrubu zilezile zinazoshika masikio kwenye paneli. Skrubu ni bora kuliko vibano vya plastiki, kwa sababu kila mvuto wa mkia unaihamishia kola mzigo.

- Acha nafasi ya milimita 0.25 kila upande kati ya kola na adapta kwa printa ya uzi, milimita 0.1 yatosha kwa resini.
- Kuta ziwe na unene wa milimita 2.
- Juu, weka reli mbili zinazoelekea mbele, zifike mpaka juu ya vibonyezo.
- Midomo ya reli ikunjie juu ya kitelezi kwa angalau milimita 1 kila upande.

Hiyo midomo usiipuuze. Kabari inaposukuma ulimi chini, ulimi nao unaisukuma kabari juu kwa kani ileile. Reli dhaifu zikiinuka, utavuta mkia mpaka mwisho na ulimi utabaki ulipo. Ukiona kitelezi kinapanda badala ya kibonyezo kushuka, ongeza unene wa reli. Usiongeze kina cha kabari.

Kona za ndani ziviringe kwa nusu milimita au zaidi. Kona kali ndipo plastiki inapoanzia kupasuka.

Umefanikiwa ikiwa: kola inaingia kwa mkono bila kugongwa, na adapta haionekani kubanwa. Kola inayoikandamiza adapta inaweza kupindisha mahali kibomba kilipokaa.

## Hatua ya 4: Chora kitelezi

Kitelezi kina sehemu tatu: kabari, kidole cha kusukumia, na mkia.

### Kabari

Konekta isipoguswa, kabari ikae kati ya uso wa adapta na ncha ya kibonyezo, milimita 0.3 juu ya ulimi. Isiguse kabisa. Kabari inayougusa ulimi muda wote huuacha umeshuka nusu, na plastiki iliyokaa imekunjwa kwa miezi hairudi pale ilipokuwa.

Mwinuko wa kabari ndio unaoamua uzito wa mkia. Plastiki ikisugua plastiki, msuguano wake (kani ya kusugua ikigawanywa kwa kani ya kukandamiza) huwa karibu na 0.3. Kwa Nyutoni 8 za ulimi na mshuko wa milimita 1, hesabu ya kabari peke yake, bila msuguano wa reli wala springi, inatoa hivi:

- Nyuzi 30: unavuta kwa Nyutoni 8.5 hivi, mwendo milimita 1.7.
- Nyuzi 20: Nyutoni 6 hivi, mwendo milimita 2.7.
- Nyuzi 15: Nyutoni 5 hivi, mwendo milimita 3.7.

Napendekeza nyuzi 20. Nyuzi 15 zinapunguza kani kidogo tu lakini zinakula mwendo, na mwendo ndio kitu adimu hapa.

Baada ya mteremko, weka sehemu bapa ya milimita 4 au zaidi. Hii huushikilia ulimi chini wakati konekta inasogea. Bila sehemu bapa, ulimi unaruka juu kabla mabega yake hayajapita mapengo, na unaanza upya.

### Kidole cha kusukumia

Katikati ya kitelezi, teremsha kidole chenye unene wa milimita 1.2 kipite kwenye lile pengo kati ya konekta mbili. Kazi yake ni kusukuma uso wa mbele wa kibanio cha jozi kuelekea kwako.

Umbali kutoka kidole hadi kibanio, kitelezi kikiwa kimetulia, uwe mkubwa kuliko mwendo wa kabari. Kwa mfano wetu, ukijumlisha mwendo wa kuziba ile nafasi ya milimita 0.3 juu ya ulimi, kabari inamaliza kazi kwa milimita 3.6, basi kidole kiguse kibanio kwenye milimita 4.1. Hiyo nusu milimita ya ziada ndiyo inayohakikisha kwamba hakuna mvuto kabla ulimi haujashuka.

Mwendo wote wa kitelezi uwe takriban milimita 7. Mwishoni mwa mwendo huo, pima kama mabega ya ulimi yamepita mapengo. Yakishapita, konekta inashikiliwa na kibomba peke yake, na vidole viwili kwenye buti vinaitoa bila taabu.

### Mkia

Mkia upite juu ya konekta na utokeze milimita 10 mbele ya buti. Uwe mwembamba, milimita 1.5, wenye tundu mwishoni. Usiufanye mpana kuliko adapta, la sivyo utaziba njia ya jirani.

Usichape mkia wala kola kwa rangi ya buluu au kijani. Kijani humaanisha feruli iliyokatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, buluu humaanisha iliyosawazishwa. Anayefika kwenye paneli lazima aione rangi halisi ya adapta, kwa sababu kuzikutanisha aina hizo mbili huharibu kioo na hupoteza mwanga mwingi. Kijivu au nyeusi inatosha.

## Hatua ya 5: Weka springi ya kurudisha

Kitelezi lazima kirudi chenyewe. Kikibaki kimevutwa, mtu atachomeka konekta, itaingia mpaka mwisho, mwanga utapita, lakini ulimi utakuwa umeshikiliwa chini na haujafunga. Kebo ikiguswa siku yoyote, mawasiliano yanakatika.

Toboa mfuo mrefu kwenye kitelezi na upitishe ndani yake skrubu nyingine ndogo iliyofungwa kwenye kola. Skrubu inakuwa kizuizi cha mwendo. Springi iweke ndani ya mfuo, kati ya skrubu na mwisho wa mfuo ulio upande wa adapta, ili ukivuta mkia ibanwe. Urefu wa mfuo ni mwendo wa milimita 7, pamoja na kipenyo cha skrubu, pamoja na urefu wa springi ikiwa imebanwa kabisa.

Kani ya kurudisha ya Nyutoni 1 hadi 2 yatosha. Springi iwe ya chuma. Zigizaga za plastiki zilizochapwa pamoja na kitelezi huonekana maridadi kwenye kioo cha kompyuta, lakini huchoka mapema.

Umefanikiwa ikiwa: ukivuta mkia taratibu na kuuachia taratibu, mara ishirini mfululizo, kitelezi kinarudi hadi mwisho bila kusaidiwa. Jaribu pia ukiwa umeigeuza adapta juu chini.

## Hatua ya 6: Chapisha, lainisha, osha

Laza kitelezi ubavu wakati wa kuchapisha, ili tabaka ziende sambamba na urefu wa mkia. Tabaka zikikaa wima dhidi ya mvuto, mkia utakatika shingoni. Kola isimamishe uso wake wa nyuma ukiwa kwenye kitanda cha printa.

Piga msasa uso wa kabari na ndani ya reli tu. Kisha osha vipande vyote kwa pombe ya isopropili na uviache vikauke kabisa. Unga wa msasa ukifika kwenye feruli, umepoteza konekta.

Kazi hii ya kusaga na kukata ifanyike mbali na adapta, nayo adapta iwe na vifuniko vyake vya vumbi pande zote mbili.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa konekta chakavu

Funga kola kwenye adapta, chomeka kebo chakavu, na uangalie kutoka ubavuni huku unavuta mkia polepole. Unatakiwa kuona haya kwa mpangilio huu: kibonyezo kinaanza kushuka, kinafika chini, konekta bado imetulia, halafu inasogea.

Kama upande wa pili una konekta, utaona jambo zuri zaidi. Ulimi unapoachia, konekta hurudi nyuma kidogo yenyewe kwa msukumo wa springi za feruli. Upande wa pili ukiwa mtupu hakuna msaada huo, kwa hiyo kifaa lazima kifaulu katika hali zote mbili.

Matatizo ya kawaida na tiba zake:

- Konekta inasogea kabla ulimi haujashuka: kidole kiko karibu mno. Kisogeze nusu milimita kuelekea adapta.
- Ulimi mmoja unashuka, mwingine hapana: kabari imeinama, au reli moja ina nafasi kubwa kuliko nyingine.
- Kabari inanasa kwenye ncha ya kibonyezo: viringa ukingo wake wa mbele.
- Hakuna "tik" unapochomeka: kabari iko chini mno. Iinue kabla ya jambo lolote jingine.

Sasa jaribu kinyume chake. Konekta ikiwa imejifunga na mkia haujaguswa, ning'iniza kilo 1 kwenye buti kwa dakika moja, uvute pia kwa mkono kutoka pembeni. Haitakiwi kutoka. Kifaa kinachoachia bila mkia kuvutwa kirudishwe kwenye mchoro, hata kama kinafurahisha kukitumia.

## Hatua ya 8: Pima mwanga

Kagua feruli za zile kebo mbili za kupimia kwa hadubini, zisafishe, zikague tena. Pima upotevu kupitia adapta hiyohiyo bila kola, kwenye nanomita 1310 na 1550. Andika.

Funga kola, pima tena. Namba zisipishane kwa zaidi ya desibeli 0.1. Zikipishana zaidi, legeza skrubu kidogo uone kama zinarudi; zikirudi, kola inaikandamiza adapta.

Kisha chomeka na uchomoe mara 50 kwa kutumia mkia, ukisafisha kila baada ya mara 10, na upime mwishoni. Adapta za viwandani kwa kawaida huahidi mabadiliko yasiyozidi desibeli 0.2 baada ya kuchomekwa mara 500, na kipimo hicho cha desibeli 0.2 kitumie kama mpaka wako.

Mwisho, vuta mkia wa adapta ya jirani huku ukitazama mita. Namba ikiruka, mkia au kola inagusa kebo isiyohusika, na upana unahitaji kupunguzwa.

## Kama konekta zako ni SC

Usihamishe mchoro huu. SC, konekta kubwa kuliko LC yenye ganda la mraba, haina ulimi wa nje: kulabu mbili ziko ndani ya adapta, na ganda la nje la konekta ndilo linalozifungua linapovutwa. Kuvuta kebo hakuzifungui, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Usizipunguze kulabu hizo. Tengeneza kishikio chembamba chenye umbo la herufi U kinachobana ganda la nje kwa ubavu, chenye mkia unaotokeza mbele ya buti. Kishikio kibane ganda peke yake. Kikigusa mwili wa ndani au buti, kulabu hazitafunguka na utakuwa unavuta springi ya feruli. Jaribio la kilo 1 na kipimo cha mwanga vifanyike vilevile, na kishikio kikaguliwe kama kimelegea kila unapokuja kusafisha paneli.